Mkono Kwenye Kidirisha

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la kliniki, miguu imevimba, kadi iko mapajani na mbele yako wamebaki wanawake tisa, ujue kwamba nami nimekaa hapo. Sitakueleza presha ni kitu gani. Hilo waachie wenye makoti meupe. Nitakueleza jinsi tulivyoipima nyumbani kwa baba mkwe wangu, kila siku, kwa uangalifu ambao sijauona mahali pengine, na kila siku tukaipima vibaya.

Mtoto wangu wa kwanza sikumwona. Nilikuwa mwalimu Tunduma, na mume wangu, Ambakisye, alifanya kazi kwenye reli mpya, wiki nzima yuko safarini. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Asubuhi moja nilikuwa nikiandika ubaoni, herufi zikaanza kutoa cheche. Nakumbuka chaki ikidondoka. Kilichofuata ni dari ya hospitali, ulimi uliochanwa kwa meno yangu mwenyewe, na muuguzi akiniambia kwamba leo ni Ijumaa. Mimi nilikuwa nimeiacha Jumanne ubaoni. Nikapapasa tumbo. Lilikuwa tupu.

"Kifafa cha mimba," muuguzi alisema, akanishika kidole gumba cha mguu, kwa kuwa alikuwa amesimama upande wa miguu. Akakishikilia mpaka nilipoacha kutetemeka. Jina lake sikulijua. Kidole changu kinamkumbuka.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipoingia, furaha haikupewa hata kiti. Daktari alisema presha ipimwe kila siku, nimeze vidonge vya njano mara tatu, nilale ubavu wa kushoto, nisibebe maji. Kliniki ya Tunduma ilikuwa mara moja kila wiki mbili. Nani angenipima siku nyingine zote?

"Nyumbani yupo baba," alisema Ambakisye.

Baba yake alikuwa dresa mstaafu. Maisha yake yote alifunga vidonda na kuchoma sindano katika zahanati za milimani, na daktari mmoja wa misheni, aliporudi kwao, alimwachia mashine ya presha. Lilikuwa sanduku jembamba la bati. Ukilifungua, kifuniko kinasimama wima, na ndani yake mrija wa kioo wenye zebaki.

"Baba atanipimaje?" nikamwuliza. "Mimi ni mkwe wake."

Ambakisye alijikuna shingo. "Watajua wenyewe huko."

Mimi nimezaliwa Tabora. Kwetu pia mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, lakini niliyoyakuta kwa Wandali wa Mbebe sikuwahi kuyaona. Huko kwa kina mume wangu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Mke akimsikia anakuja, huacha njia, hujibanza kwenye mahindi mpaka apite. Hawasemezani. Hawakai chumba kimoja. Si chuki. Mama mkwe alinieleza siku ile ile niliyofika, akinimenyea viazi: "Ni namna yetu ya kusema wewe si mtu wa kuchezewa hapa."

Nilifika mwisho wa kiangazi, mashamba yakichomwa, majivu yakitua juu ya nguo kwenye kamba. Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Wazee walikaa siku mbili wakishauriana kuhusu mkono wangu, mimi nikiwa jikoni nawasikia. Mwisho baba mkwe alikata shauri. Katika ukuta kati ya jiko na sebule palikuwa na kidirisha cha kupitishia chakula. Mimi ningekaa jikoni, yeye sebuleni. Ningepitisha mkono, umefunikwa khanga mpaka vidoleni, ubaki wazi mkunjo wa kiwiko tu. Mama mkwe angefunga mkanda wa mashine, naye angesikiliza akiwa ametazama pembeni.

"Mkono uliofunikwa," aliwaambia wazee, "si mkono wa mkwe. Ni mkono wa mgonjwa."

Ndivyo tulivyoanza. Mama mkwe alisimama mlangoni, katikati yetu, akibeba maneno ambayo sote tulikwishayasikia.

"Mwambie anyooshe mkono."

"Anasema unyooshe mkono."

"Nimenyoosha, mama."

"Anasema amenyoosha."

"Nimesikia."

"Kama umesikia, mbona unanitumikisha? Nimekuwa simu ya posta hapa!"

"Simu haijibu. Nyamaza, nashindwa kusikia."

Mkanda ulijaa upepo, ukanibana mpaka vidole vikafa ganzi, kisha ukaachia polepole. Upande wa pili wa ukuta mtu nisiyemjua sura alikuwa anasikiliza damu yangu. Nilikuwa natamka maombi mafupi sana, neno moja moja, kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Mia na thelathini," sauti ilisema. "Chini, themanini."

"Mia na thelathini," alirudia mama mkwe, kisha akaongeza la kwake, "na uji upo tayari."

Nililia siku ile kwa nafuu. Kesho yake mia na ishirini na nane. Keshokutwa mia na thelathini na mbili. Baba mkwe aliziandika kwenye daftari, kwa mwandiko ulionyooka, tarehe upande huu na namba upande ule. Nikaanza kulala usingizi. Nikafungua hata daftari langu, ambamo nilikuwa nimeacha riwaya katikati tangu chaki ilipodondoka, nikaongeza kurasa mbili, mbaya lakini za kwangu.

Kisha ikaja siku ya kliniki. Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Tulikwenda na mama mkwe, tukipumzika kila penye jiwe la kukalia. Benchi lilikuwa limejaa. Muuguzi alinifunga mkanda, akasikiliza, akafungua, akafunga tena. Uso wake ukabadilika, na mimi niliuona ukibadilika. Anayepimwa hutazama uso wa anayempima kuliko namba yoyote.

"Mia na sabini, chini mia na kumi. Nyumbani unapimwa?"

"Kila siku. Leo asubuhi mia na thelathini."

"Anakupima nani?"

"Baba mkwe."

Benchi zima likageuka. "Baba mkwe!" alisema mama mmoja mnene, akijifunika mdomo kwa kitenge. "Anakushika mkono? Dunia imekwisha."

"Anampimia ukutani," mama mkwe akajibu kwa hasira, "na wewe mumeo hajui hata kupima mahindi."

Walicheka. Mimi sikucheka. Muuguzi aliongeza vidonge, akaandika kwa kalamu nyekundu kwenye kadi kwamba mashine ya nyumbani ni mbovu.

Maneno yale yalimchoma mzee. Siku hiyo hiyo alijipima mwenyewe, akampima mkewe, akiwa amemkalisha mezani kwake sebuleni. Nilimsikia: "Mashine nzima. Mia na ishirini na sita. Presha yako nzuri kuliko tabia yako." Kisha akamtuma aniambie: mtu akitembea saa mbili milimani, akakaa kati ya wanawake wenye maneno, akaogopa, presha lazima ipande. Ndiyo maana watu hupimwa nyumbani wakiwa wametulia. Alikuwa sahihi kwa yote aliyoyasema. Nami nilitaka kuamini. Kati ya namba mbili, mtu mwenye hofu huchagua ile inayomruhusu kurudi kitandani.

Mvua zilianza, na saa mbili za njia ya kliniki hazikuwezekana tena kwangu. Ukungu wa Mbebe ulishuka asubuhi ukakaa mlangoni kama mdai. Mimba ilifika miezi saba, na mwili ukaanza kunikimbia. Pete ilizama kwenye nyama ya kidole. Nikibonyeza mguu, shimo lilibaki hapo mpaka nimalize kunywa chai. Asubuhi kope zilikuwa nzito kiasi kwamba mama mkwe alinipa maji ya moto na kitambaa kabla ya salamu. Na kila siku kidirishani: mia na thelathini na tano. Mia na thelathini na nne. Nilianza kuichukia sauti ile tulivu. Usiku nilihesabu: kama ukuta unasema kweli, nini kinanivimbisha? Kama ukuta unasema uongo, nimebakiwa na siku ngapi?

Nilimwandikia Ambakisye barua. Alijibu kwamba amewaandikia wakubwa wake kuomba ruhusa, na nimwamini baba, hajawahi kukosea. Niliichana, kisha nikaiokota vipande vipande kwa sababu ilikuwa na mwandiko wake.

Lililotuokoa lilikuwa maumivu ya mgongo. Jikoni nilikuwa nakalia kigoda, kile kifupi cha wanawake. Mkwe hapandi kiti kirefu nyumbani kwa wakwe zake, hakuna aliyehitaji kuniambia. Nikiwa pale chini, kidirisha kilikuwa juu ya kichwa changu, na mkono niliupandisha kama mwanafunzi anayejua jibu. Siku moja kiuno kilikataa kuinama. Kulikuwa na gunia la mahindi limeegemezwa ukutani. Nikalikalia, mgongo ukapata pa kuegemea, mkono ukapita kidirishani ukiwa umelala sawa na kifua.

Mkanda ulijaa, ukaachia. Ukajazwa tena. Ukajazwa mara ya tatu.

"Mwulize," sauti ikasema, na haikuwa tulivu, "leo amekaa wapi?"

"Amekaa kwenye gunia," mama mkwe alijibu bila kuniuliza.

"Na jana?"

"Kwenye kigoda chake."

"Kigoda gani?"

"Cha jikoni. Kuna kigoda kingine? Toka lini unauliza habari za vigoda?"

"Tangu mwanzo alikuwa anakaa chini? Mkono juu?"

"Sasa ulitaka mkwe akae juu ya meza?"

Nilisikia kiti kikisukumwa nyuma. Kwa miaka yote mzee yule aliwafundisha wauguzi vijana kwamba mkono ukiwa juu ya moyo, namba inashuka. Uwe sawa na moyo, si juu, si chini. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini mimi hakuwahi kuniona. Aliona mkono tu, umefunikwa, umelala vizuri kwenye kizingiti cha kidirisha, akadhani mwenye mkono amesimama au amekaa kiti kirefu. Heshima ndiyo iliyomfumba macho. Na mkewe, aliyeona pande zote mbili, hakujua kwamba kigoda kina neno.

"Mia na sitini na sita," alisema baadaye. "Chini, mia na nane." Halafu akasema jambo ambalo mama mkwe hakulirudia: "Kwa miezi miwili nimempima mtu wa kufa nikimwita mzima."

Asubuhi ile ile sanduku la bati lilipita kidirishani, likatua mikononi mwangu.

"Mwambie kuanzia leo anajipima mwenyewe. Mimi siwezi kuona, yeye anaweza."

Akanifundisha kwa kupitia ukuta. Haya ndiyo niliyokuja kukupa wewe wa kwenye benchi, kwa hiyo nisikilize. Kwanza nenda haja. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili sakafuni, usikunje nne. Mkono bila nguo, juu ya meza, sawa na kifua. Kaa kimya mpaka maji ya chai yangeweza kuchemka. Funga mkanda juu kidogo ya kiwiko. Kile kidude baridi cha kusikilizia kiweke kwenye mkunjo. Mama mkwe alinifungia kwa utepe wa khanga ili mkono wa pili ubaki huru kujaza upepo. Jaza mpaka kusiwe na sauti. Legeza skurubu ya mpira wa upepo polepole, zebaki ishuke kama mzee anayeshuka ngazi. Mdundo wa kwanza ndiyo namba ya juu. Unapotoweka ndiyo ya chini. Pumzika, rudia. Usiseme neno, na mwenzako asiseme.

"Hilo la mwisho ananisema mimi," alinung'unika mama mkwe.

Na mara nikasikia. Mdundo ulitoka kwenye kimya kama mtu anayegonga mlango kwa kiganja. Nilikuwa nimeandika habari za moyo katika kila hadithi yangu, na sikuwa nimewahi kuusikia wangu.

Mzee aliweka sharti. Alikwishatuma neno kutafuta lori la kijiji, lakini lori halikuwa na dizeli. Vidonge viongezwe, nisiondoke kitandani. Ila ya juu ikivuka mia na sabini, au ya chini ikifika mia na kumi na tano, hatungoji lori. Nitabebwa kwa machela.

Kesho yake nilijipima. Mdundo wa kwanza ulianza kwenye mia na sabini na nane. Nikarudia. Mia na sabini na sita.

"Ngapi?" aliuliza mama mkwe.

Niliona machela. Niliona dari ile, na Ijumaa ile, na mkono wangu ukipapasa. Hospitali ndiko alikobaki mtoto wangu wa kwanza. Huko ndiko walikotaka kunipeleka na wa pili.

"Mia na hamsini na mbili," nikasema. "Tisini na nane."

Ukuta ulishusha pumzi. "Mungu mkubwa," ulisema.

Siku ya pili nilidanganya tena. Ilikuwa rahisi zaidi. Mimi ni mtunzi, namba ilikuja na vidogo vyake vya kuaminika, nikasema hata kwamba mara ya pili imeshuka kidogo. Mtoto alikuwa anacheza tumboni. Nilimwambia tumebaki nyumbani, mimi na wewe, tuko salama.

Siku ya tatu, asubuhi, nilitazama mrija na zebaki ikatoa cheche. Nikafumba macho, nikafumbua. Cheche zilikuwa kila mahali, kwenye masizi ya ukuta, kwenye khanga ya mama mkwe. Chini ya mbavu za kulia kulikuwa na maumivu kama mkono unaokamua. Cheche zile nilizijua. Tulikutana ubaoni, Jumanne. Nikalegeza skurubu, nikasikiliza mpaka mwisho.

"Mia na tisini na nne," nikasema kwa sauti, nisimgojee mama mkwe. "Chini mia na ishirini na sita. Na jana nilidanganya. Na juzi."

Mama mkwe alijipiga paja. "Anasema—"

"Nimesikia," alisema mzee. Sikusikia hasira ndani yake, na hilo liliniumiza zaidi. "Mwambie asilie. Kulia kunapandisha. Alale ubavu wa kushoto."

Kisha nikamsikia yuko nje, anaita wanaume kwa majina.

Walinibeba wanne, wakipokezana, mvua ikinyesha juu ya turubai walilonifunika. Mama mkwe alikuwa ubavuni, ameshika kijiko cha mbao ambacho angekitia kati ya meno yangu kama kingehitajika. Baba mkwe alitangulia. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Nilimwona kupitia tundu la turubai, koti jeusi na kisogo chenye mvi. Lakini njia nzima alikuwa anapaza sauti.

"Jiwe, kushoto!"

"Utelezi!"

"Hapa maji, inueni!"

Wabebaji walizaliwa kwenye njia ile, waliijua kwa nyayo. Baada ya muda nilielewa kwamba hakuwa anawaambia wao. Alitaka nisikie sauti ya mtu na nisishtuke machela ikiyumba. Nilijishikilia kwenye maneno yale, jiwe baada ya jiwe, mpaka barabarani, ambako lori la kahawa lilitupakia.

Hospitalini walinichoma sindano, wakazima taa ya chumba mwanga usiamshe kifafa, na siku ile ile wakanipasua. Binti. Mdogo kama paka aliyenyeshewa, lakini alilia, nami nilikuwa macho baadaye kumsikia. Nilimwuliza muuguzi leo siku gani. Alisema ni kesho yake, umepita usiku mmoja tu. Sijawahi kufurahia siku kama ile, kesho yake.

Walisema mtoto akitoka, presha inaondoka naye. Ya kwangu haikuondoka. Ilishuka, ikapanda, ikashuka. Wauguzi walikuwa wachache, wakaniachia mashine nijipime na kuandika. Mama mkwe alilala sakafuni kando ya kitanda. Baba mkwe alikaa kwenye banda la ndugu wa wagonjwa, na kila asubuhi alikuja nje ya dirisha la wodi, akasimama amelipa dirisha mgongo.

Siku ya kumi na mbili daktari alisema: asubuhi ikiwa chini ya mia na hamsini, nenda nyumbani. Palikuwa na lori linalopanda Mbebe siku hiyo. Barabara ilikuwa inaliwa na mvua, na hakuna aliyejua litakuja lini jingine. Mama mkwe alikuwa amekwisha kumvika mtoto nguo za safari, birika na sufuria viko kichwani mwake. Muuguzi alinisogezea mashine, akakimbilia chumba cha kuzalia. Nje dereva alipiga honi.

Nilikaa. Nyayo sakafuni. Mkono sawa na kifua. Mama mkwe alinyamaza, jambo gumu kwake. Nililegeza skurubu, nikasikiliza. Honi ikapigwa tena. Nikapumzika, nikarudia kwa mara ya pili, kwa sababu niliitamani mno namba nyingine.

"Ngapi?" aliuliza mama mkwe. Hakuna mwingine aliyesikia mdundo ule. Nilimtazama mwanangu, kofia yake ya safari imemfunika mpaka kwenye pua.

"Mia na sitini na nane."

Mama mkwe aligeukia dirisha afikishe ujumbe, lakini ulikwishafika. Nje, mgongo wa koti jeusi haukutikisika.

"Mwambieni dereva aende," baba mkwe alisema. "Sisi tunabaki."

Mama mkwe akateremsha birika, akaketi kitandani, akaanza kumvua mtoto kofia.